John Bunyan na Watoto Wanaoteswa na Mawazo



Wengi wetu tuliolelewa katika Kanisa tunakijua kitabu cha Safari ya Msafiri. Wengine tulisomewa nyumbani wakati wa jioni, wengine tulikikuta katika kabati la vitabu vya shule. Tunamkumbuka Mkristo aliyeuacha mji wake akiwa na mzigo mgongoni, tunalikumbuka lile shimo la matope, na simba waliofungwa minyororo, na jitu lililowafungia wasafiri ndani ya ngome yake. Walakini mtu aliyekiandika, John Bunyan, tunamjua kidogo tu, na habari za utoto wake ni nadra kusemwa.

Mwezi huu tumeona vema kumweleza, na sababu yetu hatuifichi. Nyumbani kwetu yuko mjukuu wa kike mwenye umri wa miaka 9. Mwaka jana alianza kuteswa na mawazo, kwa namna inayofanana sana na ile iliyomtesa Bunyan. Mama yake ametupa ruhusa kuandika, na mtoto mwenyewe tulimwuliza akakubali, ila ametuomba jina lake tusilitaje.

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, Uingereza, akabatizwa tarehe 30 Novemba mwaka huohuo. Baba yake, Thomas, alikuwa fundi wa kuziba masufuria na vyombo vya shaba, kazi ya kuzunguka vijijini na vifaa mgongoni. Walikuwa watu wa hali ya chini. Hata hivyo wazazi walimpeleka shule, akajua kusoma na kuandika.

Mwaka 1666 alitoa kitabu cha habari za maisha yake, kiitwacho kwa Kiingereza Grace Abounding to the Chief of Sinners. Humo anaeleza kwamba alipokuwa na miaka 9 au 10 alianza kuogopa mno. Usiku alijiwa na ndoto za mashetani. Mchana, akiwa katikati ya michezo na wenzake, huzuni ilimshukia ghafula kwa kuifikiria siku ya hukumu na moto wa Jehanamu, wala hakuweza kuyatoa mawazo hayo kichwani. Alitamani Jehanamu isiwepo. Tena alitamani kwamba, ikiwa ipo na ni lazima aende, basi afadhali angekuwa shetani, maana alidhani mashetani hutesa tu, wao hawateswi.

Tumekaa darasani na watoto kwa miaka mingi, na fikira hii ilitugusa sana. Mtoto mdogo ameufikiri mwisho wake peke yake, kitandani, gizani, mpaka ameona njia moja tu ya kujiokoa. Wala Bunyan hasemi kwamba alimweleza baba au mama. Watoto wa namna hii hunyamaza, kwa kuwa wanadhani wakilitamka lililomo kichwani watachukiwa.

Mjukuu wetu naye alinyamaza miezi kadhaa. Tuliona tu kwamba wakati wa sala anajifunika mdomo kwa kiganja. Halafu akaanza kukataa kwenda shule ya Jumapili. Kila usiku alimwuliza mama yake kama Mungu amemkasirikia, akijibiwa hapana anatulia kidogo, kisha anauliza tena. Mwishowe alimweleza shangazi yake: kila tunapoomba, maneno ya kumtukana Mungu yanamjia kichwani, naye anaogopa yatatoka mdomoni mbele ya watu.

Hapo kila mtu alitoa dawa yake. Mmoja wa ndugu alisema mtoto amedekezwa, achapwe. Jirani mmoja mwema alisema ni pepo, tukeshe tukimwombea. Na sisi tuliosomea ualimu tulimwambia asijali, atazoea. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Turudi kwa Bunyan. Ujanani ndoto zile zilimwacha, akawa kijana wa matusi na viapo, kiongozi wa vijana wenzake kwa upuuzi. Mwaka 1644 mama yake alifariki mwezi Juni, dada yake Margaret akafariki Julai, na baba akaoa tena mara. Uingereza ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme na Bunge, na John, akiwa na miaka 16, akaingia jeshi la Bunge. Siku moja alichaguliwa kwenda kuuzingira mji fulani. Mwenzake mmoja akaomba kwenda badala yake. Huyo mwenzake alipigwa risasi ya kichwa akiwa zamu, akafa.

Aliporudi kutoka vitani alioa. Walikuwa maskini hata sahani na kijiko vilikuwa shida, ila mke wake alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake. Mwaka 1650 alibatizwa mtoto wao wa kwanza, Mary, ambaye alikuwa kipofu. Wakati huo Bunyan alikuwa ameanza kwenda kanisani na kuacha matusi. Majirani walimsifu sana. Lakini ndani yake yale ya utoto yalikuwa yakirudi kwa sura nyingine.

Alipenda sana kupiga kengele za kanisa la Elstow. Basi dhamiri ikamwambia kwamba kupenda kengele ni upuuzi, akaacha. Walakini alikwenda bado kuwatazama wenzake wakizipiga. Siku moja akawaza: itakuwaje kengele moja ikianguka? Akaenda kusimama chini ya boriti kubwa, mahali palipo salama. Akawaza tena: kengele ikianguka kwa kuyumba, ikagonga ukuta na kurudi, itamkuta hata pale. Akahamia mlangoni mwa mnara, akasema moyoni kwamba hapo hata kengele ikianguka ataruka nje. Ndipo likaja wazo la tatu: je, mnara wenyewe ukianguka? Mnara ule umesimama hadi leo. Lakini Bunyan alikimbia, wala hakuthubutu tena kusimama pale.

Angalieni jinsi hofu inavyokwenda. Ukiitii mara moja, inakusogeza hatua moja, kisha inadai hatua nyingine.

Jambo hili linatukumbusha mtoto tuliyemfundisha mwaka 1987, darasa la tatu. Kila alipoandika neno alilifuta kwa raba na kuliandika upya, akalifuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Wenzake walimaliza hesabu kumi, yeye alikuwa bado kwenye ya kwanza. Tulimwuliza kwa nini, akasema haijakaa sawa. Tukamwadhibu kwa kuharibu daftari. Tulimsimamisha nje juani, tena zaidi ya mara moja. Kabla ya mwaka kwisha aliacha kuja shule, na sisi hatukwenda kwao kuuliza. Chuoni tulifundishwa jinsi ya kuandaa somo na jinsi ya kutunza nidhamu. Habari ya ugonjwa huu hatukufundishwa, lakini miguu ya kwenda kuuliza tulikuwa nayo.

Leo madaktari wanaujua ugonjwa huu vizuri. Kwa Kiingereza huutaja kwa herufi tatu, OCD. Mawazo mabaya au ya kutisha humjia mtu bila kuyataka, yakamganda, naye akijaribu kujituliza hufanya kitendo fulani tena na tena: kunawa, kuhesabu, kukagua mlango, kurudia sala, kuuliza. Watu wa pwani tangu zamani wana neno lao, wasiwasi, kwa mtu anayetawadha mara nyingi mno kwa kushuku kwamba hajatakasika. Mtu mmoja hadi watatu katika kila 100 hupatwa na ugonjwa huu wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Hauletwi na malezi mabaya, wala si dalili ya imani haba. Bunyan hakupimwa na daktari yeyote wa fani hii, naye aliyahesabu mateso yake kuwa majaribu ya Shetani. Lakini wataalamu waliosoma kitabu chake, tangu William James wa Marekani mwaka 1902, wameona humo ugonjwa wa akili unaotesa, na wengi baada yake wameuita kwa jina hili.

Siku moja akiwa kazini Bedford alipita mahali ambapo wanawake watatu au wanne maskini walikuwa wameketi mlangoni, juani, wakizungumza habari za Mungu. Walisema kwa furaha kubwa, hata akashangaa. Akaanza kupita huko mara kwa mara kuwasikiliza. Kisha akawaeleza hali yake, nao wakampeleka habari kwa mchungaji wao, John Gifford.

Gifford huyu alikuwa mtu wa kipekee. Alikuwa meja katika jeshi la Mfalme, akahukumiwa kufa, akatoroka gerezani kwa msaada wa dada yake. Akaja Bedford akawa tabibu, mlevi na mcheza kamari, mpaka alipookoka. Alimkaribisha Bunyan nyumbani kwake akakaa naye na kumsikiliza. Pengine mtu aliyepita katika mengi hashtushwi upesi na ya wengine.

Mawazo hayakukoma. Akienda kwa miguu kutoka Elstow hadi Bedford lilimjia wazo la kujaribu imani yake kwa kuyaamuru madimbwi ya njiani yakauke. Akawaza kwanza aende kuomba kando ya njia, kisha akaogopa kwamba akiomba na madimbwi yasikauke, atakuwa amethibitisha kuwa hana imani kabisa. Hakujaribu. Baadaye yalimjia matusi ya kumkufuru Mungu, kwa wingi kama mafuriko, kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Mara nyingine aliweka mkono chini ya kidevu kuushikilia mdomo usifunguke.

Tulipofika mahali hapo katika kitabu chake tulikiweka chini, tukamwita mama wa mtoto aje asome. Kiganja cha mjukuu wetu kilikuwa kimekwisha kuandikwa zaidi ya miaka 350 iliyopita.

Siku zile Bunyan alipata kitabu kikuukuu kilichokaribia kuchanika, ufafanuzi wa Martin Luther juu ya Waraka kwa Wagalatia. Alikisoma kidogo akaona hali yake imeelezwa humo, kana kwamba kimetoka moyoni mwake mwenyewe. Kujua kwamba mwingine naye alipita njia hiyo kulimfariji sana, hata akakipenda kuliko vitabu vyote alivyopata kuviona, isipokuwa Biblia.

Kisha likaja jaribu kubwa kuliko yote. Wazo lilimwambia amwuze Kristo. Lilirudiwa kutwa kucha kwa muda wa mwaka: amwuze kwa hiki, amwuze kwa kile. Akila chakula, wazo linamwambia aondoke mezani akaombe sasa hivi. Alilijibu wazo kwa maneno ya kukataa, akirudiarudia upesi upesi, na huku mikono na viwiko vyake vikisukuma hewani kama anayepigana na mtu. Kadiri alivyopigana ndivyo lilivyozidi. Asubuhi moja akiwa kitandani, amechoka kabisa, aliona kwamba moyo wake umekubali kumwacha Kristo aende akitaka. Basi akajihesabu kuwa amepotea kama Esau aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Zaidi ya miaka miwili aliishi katika giza hilo. Aliona hata jua linamnyima nuru yake kwa shingo upande, na mawe ya barabarani na vigae vya nyumba vimekula njama dhidi yake.

Akamwendea mzee mmoja Mkristo, akamweleza kwamba anaogopa ametenda dhambi ya kumkufuru Roho Mtakatifu, ile isiyosamehewa. Mzee akamjibu kwamba hata yeye anadhani hivyo.

Ndugu wasomaji, jibu hili lilitutetemesha. Mzee yule hakuwa mtu mbaya, Bunyan mwenyewe anamwita mtu mwema. Alipozungumza naye zaidi aligundua tu kwamba hajawahi kupigana vita vya namna hiyo. Lakini ni wangapi kati yetu, wazee wa kanisa, walimu wa shule ya Jumapili, wanachama wa Umoja wa Akina Mama, tumemjibu mtoto hivyo? Tumemwambia kwamba wazo baya ni dhambi sawasawa na tendo, tukaenda zetu kunywa chai, naye akabaki na neno hilo usiku kucha.

Tena liko kosa la pili lililo kinyume cha hili, nasi tulilifanya. Ni kumjibu mtoto kila anapouliza. Kila usiku tulimhakikishia mjukuu wetu kwamba Mungu hajakasirika. Mara kumi, mara ishirini. Tulidhani huo ndio upendo. Daktari wa kliniki ya afya ya akili katika hospitali tuliyompeleka alitueleza kwa upole kwamba tulikuwa tunachota maji kwa pakacha. Kila jibu humpa mtoto utulivu wa dakika chache, na humfundisha kwamba bila jibu hawezi kukaa. Swali ni sehemu ya ugonjwa kama vile kunawa ni sehemu ya ugonjwa wa anayenawa.

Tiba yenyewe ina historia yake. Mwaka 1966 Victor Meyer, mtaalamu wa saikolojia mjini London, alitoa habari za wagonjwa wawili waliosaidiwa kwa njia ngeni: walikutanishwa na kile walichokiogopa, na wakati huohuo wakazuiwa wasifanye vile vitendo vya kujituliza. Hofu ilipanda, kisha ikashuka yenyewe. Njia hiyo imeendelezwa tangu wakati huo, na kwa watoto hufanywa polepole, hatua kwa hatua, kama kupanda ngazi, kwa ridhaa ya mtoto mwenyewe. Dawa pia zipo. Mwaka 2004 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa watoto 112 wa miaka 7 hadi 17: waliopata mafunzo hayo pamoja na dawa iitwayo sertraline walipata nafuu kuliko wengine wote. Mjukuu wetu hakupewa dawa, walakini wako watoto wanaozihitaji, na si aibu. Uamuzi huo ni wa daktari.

Hatua zake zilikuwa hivi. Kwanza aliupa ugonjwa jina. Aliuita Kasuku, kwa sababu kasuku husema asichokijua, tena husema hilohilo. Halafu alikaa sebuleni na mama yake wakati wa sala fupi, mikono ikiwa magotini, kwa dakika moja. Wazo likija, aliache lije, asilifukuze, asilijibu, wala asiombe msamaha kwa ajili yake. Kisha dakika mbili. Kisha sala nzima ya jioni. Usiku akiuliza swali lake, tulikubaliana naye kumjibu kwamba hilo ni la Kasuku, kisha tunanyamaza. Kasisi wetu naye alimweleza mara moja, kwa utaratibu, dhambi isiyosamehewa ni nini na kwa nini yeye hajaitenda. Akakubaliana na daktari kwamba hatalirudia somo hilo, hata mtoto akimfuata sakristia kumwuliza. Tunamshukuru kasisi, maana kunyamaza ni kazi ngumu kwa mhubiri.

Juma la kwanza lilikuwa baya. Mtoto alilia, na sisi tulisimama nje ya mlango wa chumba chake tukiwa na jibu mdomoni.

Bunyan hakuwa na daktari wa namna hiyo. Nafuu ilimjia kidogo kidogo, mara kwa neno la Maandiko, mara kwa mahubiri, na siku moja shambani alipotambua kwamba haki yake haimo katika hali ya moyo wake, bali ni Kristo mwenyewe, aliye mbinguni, ambako haipungui wala haiongezeki. Walakini hakupona moja kwa moja. Alipoanza kushiriki Meza ya Bwana, matusi yale yalimrudia palepale, muda wa miezi tisa hivi, ikambidi kuinama na kuomba ili asiyatamke. Hata baadaye akihubiri yalimjia. Hakuacha kushiriki, wala hakuacha kuhubiri.

Kuhubiri huko ndiko kulikomfikisha gerezani. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1658 akimwachia watoto wanne, naye akamwoa Elizabeth mwaka 1659. Novemba 1660, baada ya Mfalme kurudishwa, alikamatwa kwa kuhubiri nje ya kanisa la taifa, akakataa kuahidi kwamba ataacha. Hapa sisi Waanglikana tunainamisha vichwa, kwa sababu kanisa hilo lilikuwa mama yetu, na sala alizokataa kulazimishwa kuzitumia ni za Kitabu cha Sala tulichorithi. Elizabeth, aliyekuwa mja mzito, alishtuka kwa habari ile, mtoto akafa. Mwaka 1661 alikwenda mwenyewe mbele ya majaji kumtetea mumewe. Jaji Matthew Hale alimsikiliza kwa huruma, lakini hakumfungua. Bunyan alikaa gerezani miaka 12, mpaka 1672, akitengeneza kamba za viatu ili familia yake ipate chakula. Aliyemwumiza roho kuliko wote ni Mary, yule kipofu, ambaye alifariki baba yake akiwa bado kifungoni.

Mwanzoni mwa kifungo jambo moja lilitokea, na kwetu sisi ndilo kubwa kuliko yote katika maisha yake. Alidhani huenda atanyongwa. Akaogopa kwamba atapanda ngazi ya kunyongea akitetemeka magoti, tena bila uhakika wowote kwamba Mungu atampokea. Aliomba apewe uhakika, hakuupata. Mtu huyu alikuwa ametafuta uhakika tangu utoto, chini ya boriti, kando ya madimbwi, kwa mzee yule. Sasa akaamua ataendelea bila huo. Mungu akimfariji, vema. Asipomfariji, ataruka kutoka kwenye ngazi hivyohivyo, na kumwachia Kristo mwisho wake. Akiisha kuamua hivyo moyo wake ukapata amani. Daktari wa mjukuu wetu hajasoma kitabu hiki, lakini ndicho alichokuwa akimfundisha mtoto katika zile dakika moja moja za sebuleni: kukaa bila kujua, na kuona kwamba inawezekana.

Safari ya Msafiri ilitoka mwaka 1678, na wengi wanaamini aliianza gerezani. Mwenye kitabu na afungue mahali pa Bonde la Uvuli wa Mauti. Mmoja wa waovu anamnyemelea Mkristo kwa nyuma na kumnong'oneza matusi juu ya Mungu, naye Mkristo anadhani yametoka moyoni mwake mwenyewe. Tulipokuwa watoto tuliipita sehemu hiyo haraka ili tufike kwenye mapigano. Mjukuu wetu alituomba tuisome mara mbili. Mara ya tatu tulikataa, kwa kuwa tulimwona Kasuku.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka 1684, na wengi hawaisomi. Humo yumo mzee tunayeweza kumwita Bwana Mwenye-Hofu. Alilala kwenye ukingo wa shimo la matope karibu mwezi mzima akilia, asithubutu kuvuka, wala hataki kurudi nyumbani. Simba hakuwaogopa hata kidogo, aliogopa tu kwamba hatapokelewa mwishoni. Kiongozi wake, Moyo-Mkuu, hakumcheka na hakumbeba. Alikwenda naye kwa mwendo wake, na mahali pengine alimwingiza katika nyumba njema kabla mwenyewe hajawa tayari. Walipofika mto wa mwisho, maji yalikuwa yamepungua kuliko siku zote, akavuka karibu bila kulowa. Hakuna mtu katika kitabu kizima aliyeandikwa kwa upole kama huyo, nasi tunadhani tunajua ni kwa nini. Miaka miwili baadaye Bunyan alitoa kitabu cha mashairi kwa ajili ya watoto wa kiume na wa kike.

Alifariki London tarehe 31 Agosti 1688. Alikuwa amekwenda mji wa Reading kumpatanisha baba na mwanawe waliokosana, akafaulu, kisha akapanda farasi kuelekea London katika mvua kubwa, akashikwa na homa. Alizikwa katika makaburi ya Bunhill Fields. Kanisa la Uingereza, ambalo watu wake walimfunga, siku hizi linamkumbuka katika kalenda yake tarehe 30 Agosti.

Mjukuu wetu amerudi shule ya Jumapili tangu baada ya Pasaka. Zipo siku mbaya bado, na juma lililopita kiganja kilipanda tena mdomoni, akakishusha mwenyewe. Mzazi au mwalimu mwenye mtoto wa namna hii na aulize hospitali iliyo karibu naye siku za kliniki ya afya ya akili. Yule mvulana wa darasa la tatu, kama yu hai, sasa ni mtu wa miaka arobaini na kitu. Mwezi uliopita tulikwenda kijijini kwao kuuliza. Tuliambiwa familia yao ilihama zamani, na aliyekuwa akijua walikohamia amekwisha kufariki.